Pendekezo la 7316

Mradi wetu una kanuni moja: atakaye kubadilisha jambo aandike pendekezo mtandaoni mbele ya wote, kisha asubiri siku saba. Asipotokea wa kupinga, limepita. Niliitunga mimi, na wa kwanza kuivunja nilikuwa mimi.

Mimi na kaka yangu tuliunda seva, programu ya kuazimisha vitabu vya shule, ya bure, kila mtu aitumie na airekebishe apendavyo. Seva husikiliza kwenye poti, yaani namba ya mlango ambapo kompyuta nyingine hubisha hodi. Ilibidi tuchague namba ambayo kila shule itaikuta imeshawekwa. Nikapendekeza 8080, kwa kuwa kila mtu anaijua.

"Ndiyo ubaya wake," kaka alisema. "Kila mtu keshaikalia. Weka 7316, haina mwenyewe."

Siku mbili tuligombana mbele ya wachangiaji wote waliotusaidia kuijenga, nao wakitushangilia kama wako uwanjani. Ya tatu kaka akanyamaza. Ya tano nikasema kunyamaza ni kukubali, nikafunga mjadala na kuweka yangu. Kesho yake alijitoa. Hatukusemezana miaka sita.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu limevunjika vipande. Kila wiki shule zinaniandikia kwamba seva haiwaki, mlango umekaliwa na programu nyingine. Basi Jumatatu nikaandika pendekezo: tuhamie 7316. Nisijidanganye, sikuandika kwa ajili ya shule. Nilitaka kaka alione, aje tugombane tena.

Jumanne, kimya. Jumatano, kimya. Kufika Ijumaa nilimtamani hata yule mchangiaji tuliyemwita Mzee wa Nukta, aliyeweza kugomba siku nzima kwa nukta moja iliyozidi. Naye hayupo. Wote walishaondoka, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nafagia nyumba isiyo na watu.

"Si umpigie simu?" mke wangu akasema. "Ndugu yako wa damu unamsubiri kwenye ubao wa matangazo?"

Jumapili asubuhi nikampigia. Siku hizi anatengeneza majokofu. Nyuma yake nilisikia nyundo ikigonga bati.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nimependekeza tuweke namba yako."

"Namba gani?"

Nilidhani ananitania. "Ya poti. 7316."

"Aa. Hata siikumbuki. Wekeni yoyote."

"Lakini si ndiyo iliyokuondoa!"

"Nani kakwambia? Nilinyamaza siku tatu, wewe ukakihesabu kimya changu kuwa kura. Hukuinua simu kuniuliza nina nini."

"Ulikuwa na nini, kaka?"

Nyundo ikaacha kugonga.

"Miaka sita, mdogo wangu," akasema taratibu, bila hasira. "Niliwaambia walioniuliza." Akasema ana kazi mkononi, akakata.

Jumatatu saa sita mchana siku saba zikatimia. Nikaijaribu seva kwa namba mpya, ikawaka. Kwenye nafasi ya pingamizi nikaandika "hakuna", nikabonyeza, 7316 ikaingia. Kisha nikampigia kaka nimuulize tena, nimwombe radhi. Simu iliita mpaka ikakatika yenyewe.