Uwanja Usiokauka

Odette Verret alipofariki, mfanyakazi mwenzake ndiye aliyewaletea wazazi wake mbwa wake, pamoja na gunia la chakula lililokwisha nusu na blanketi lililojaa manyoya. Mbwa mwenyewe alikuwa dume kubwa la madoadoa, jicho moja la bluu na jingine la kahawia, na jina lake Pistache. Wazazi hao, Curley na Earline, walikuwa watu wazima waliokwisha kustaafu, na nyumba yao ni ndogo, kwa hiyo mbwa wakampa uwanja wa nyuma. Mimi ni jirani yao. Kati ya uwanja wao na wangu pana uzio wa waya tu. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na mengine niliyasikia bila kutaka.

Pistache hakuwa mbwa wa kulala kivulini. Kutwa alitembea kando ya uzio, akienda na kurudi, pua chini, kama anayetafuta kitu alichokidondosha. Mvua za alasiri zilipoanza, njia yake ikawa mfereji wa matope, mfereji ukapanuka, na kabla joto halijakolea hapakuwa na jani moja la nyasi lililosimama. Kisha akaanza kujilamba miguu. Alilamba mpaka katikati ya vidole pakawa pekundu kama nyama mbichi, na akitembea anachechemea.

Walimpeleka kwa Daktari Tran, binti wa wavuvi wa kamba wa kule chini ya daraja, ambaye sasa ndiye anayetibu mifugo yetu sote. Earline alinisimulia waliporudi.

"Anasema miguu haipati nafasi ya kukauka, imeota kuvu. Halafu kuna minyoo kwenye udongo mbichi. Inapenya kwenye ngozi ya nyayo, Velma! Inaingia mpaka tumboni na kumnyonya damu."

"Si amempa dawa?"

"Amempa. Lakini ameniambia, mama, nikimtibu halafu ukamrudisha kwenye tope lile lile, tutaonana tena."

Basi Curley akaanza kutengeneza uwanja. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mashine za boti, na alikuwa na imani kwamba hakuna kitu kinachoshindikana ukikikalia. Alianza na nyasi. Alileta mikeka ya nyasi nene, ile inayouzwa imekunjwa na udongo wake, akaitandika kwa magoti, shati limelowa mgongoni. Uwanja ukapendeza. Lakini upande wa jua mkojo wa mbwa uliziunguza zikawa na mabaka ya njano, na upande wa kivuli, chini ya mwaloni, maji yalituama na zikaoza kwenye mizizi. Ukikanyaga, mguu unazama na kunuka kama chungu kilichosahauliwa jikoni.

"Nyasi zinahitaji jua na ardhi inayopitisha maji," Earline alimwambia. "Sisi tuna jua lisilo na huruma au kivuli kilicholowa. Tutandaze magome ya miti. Ni laini kwa miguu."

Akatandaza magome. Dukani waliuziwa kwanza maganda ya kakao, yanayonukia vizuri, lakini Earline aliwahi kusikia kwamba ni sumu kwa mbwa, akamrudisha Curley akabadilishe. Wakaleta magome ya msonobari. Alasiri moja ikanyesha mvua ya kawaida, wala haikuwa kubwa, na magome yote yakaelea, yakapita chini ya uzio, yakaja kutua kwenye bamia zangu. Nilipofungua mlango nikamkuta Curley amesimama na reki.

"Velma," alisema, "uwanja wangu umehamia kwako."

"Nauona. Sikuukaribisha."

"Ukiulisha usiuzoeshe vinono. Kwetu hauli hivyo."

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi, na nadhani mwenyewe alishtuka, kwa sababu aliacha ghafla akaendelea kukokota magome.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hawakumtaja Odette. Alikuwa mtoto wao wa pekee, saratani iliiharibu damu yake akaisha ndani ya msimu mmoja wa baridi, na sasa wazazi wale wawili waliongea asubuhi hadi jioni juu ya kokoto, mteremko, mitaro na kuvu. Nikienda na sufuria ya wali na mchuzi wa bamia, nawakuta mezani wamepanga sampuli za vitu vya kutandaza uwanjani kati ya vikombe vya kahawa. Kila kimoja wanakishika, wanakinusa, wanakilowesha. Sikuona ubaya. Nilidhani ni afadhali kuliko kukaa wanatazama ukuta.

Kisha yakaja majani bandia, nyasi za plastiki. Muuzaji aliwaambia hayaozi, hayaelei, maji yanapenya chini, na mbwa atakuwa msafi kama yuko zuliani. Yakatandikwa siku ya mawingu. Nilikiri moyoni kwamba yalipendeza, kijani kibichi, sawasawa, huoni tope hata tone. Pistache aliyanusa, akainua mguu, akakojoa, wote tukapiga makofi kama wajinga.

Mawingu yalipoondoka ikawa balaa. Saa sita mchana yale majani yalikuwa moto kama kikaango. Mbwa alisimama mlangoni akilia, amebana mkojo, hathubutu kushuka. Earline akiwa jikoni, Curley akamsukuma kidogo kwa goti: "Nenda, mzee, nenda, si mbali." Pistache akaruka, akakimbia hadi katikati, hapo akakwama, anainua mguu huu, anashusha ule, hajui pa kukimbilia. Curley aliposhuka pekupeku kumbeba ndipo naye akajua. Walirudi ndani wote wawili wameungua nyayo.

Nilikuwa naanua nguo. Dirisha lao lilikuwa wazi.

"Weka mkono! Weka mkono hapo uone!" Earline alikuwa akipiga kelele. "Hukuweza kugusa kwanza kabla ya kumsukuma?"

"Ningejuaje?"

"Kwa kugusa! Mbwa alikwambia. Alisimama hapo analia, anakwambia!"

"Earline, nyamaza."

"Analia mtu huelewi, analia mbwa huelewi."

Halafu Curley akasema, taratibu, na natamani nisingesikia: "Mimi sielewi? Nani alimwambia Odette ni uchovu wa kazi tu? Nani alimwambia anywe supu alale? Alikuja hapa na michubuko mikono yote, na wewe ukamwambia anywe supu."

Nilichukua kapu langu na nguo zikiwa bado mbichi, nikaingia ndani.

Baada ya siku ile walikuwa wakiongea kwa adabu, kama wageni kwenye chumba cha kungojea daktari. Majani bandia yaling'olewa. Yalikuwa yamekwisha kunuka mkojo hata hivyo. Mvua haikuusafisha, iliuchemsha tu. Curley akamwita mtu wa zege, bwana mmoja mnene aitwaye Fontenot, akamwomba amwage sakafu ya rangi nyeupe, na juu yake paa la kivuli ili isishike joto. Fontenot alichukua nondo, akaichomeka ardhini kwa mkono mmoja. Ikaingia bila ubishi, ikaenda mpaka ngumi yake ikagusa tope.

"Mzee Curley, zege hapa litapasuka katikati. Ardhi hii inashuka. Uliona ngazi zako za nyuma?"

Tukazitazama. Kati ya ngazi na nyumba palikuwa na ufa unaoingiza kiganja.

"Basi nipe njia nyingine."

"Kokoto za mto, zile za mviringo, zisimkate nyayo. Rangi nyepesi. Chini yake kitambaa cha kuzuia tope, na chini ya kitambaa mawe makubwa. Weka kivuli cha wavu. Halafu mteremko kuelekea mtaroni." Alikaa kidogo akikuna shingo. "Ila mtaro wenyewe uko kimo kimoja na mto. Mto ukijaa, maji yako hayana pa kwenda. Nisikudanganye."

"Wewe niletee kokoto," Curley alisema.

Kazi ile aliifanya peke yake, tena vizuri. Alichimba, akaondoa tope, akajaza mawe, akatandika kitambaa na kukibana kwa pini, akamwaga kokoto nyeupe ndogo kama maharage. Akasimamisha nguzo na kufunga wavu mweusi juu. Kabla ya kumwachia mbwa, alipiga magoti mchana wa jua kali, akaweka shavu lake juu ya zile kokoto. Shavu, si mkono. Akakaa hivyo kwa muda. Nilimwona Earline akimtazama kutoka dirishani, na jioni aliwasha jiko la nje wakala nje, mbwa amelala kati yao.

Zilikuwa siku nzuri zile. Mvua ilinyesha na kokoto zikakauka kabla ya chai. Miguu ya Pistache ilifunga vidonda, manyoya yakaanza kuota tena katikati ya vidole. Hata kutembea kando ya uzio alipunguza. Earline aliniambia, "Unajua, jana nilimwita mbwa kwa jina la utani ambalo Odette alikuwa akimwita, akageuza kichwa." Alilisema jina la mwanawe kwa sauti ya kawaida, halafu akaangalia pembeni.

Mwezi wa tisa ikaja mvua isiyo na jina. Ingekuwa kimbunga, ambacho hupewa jina, tungejiandaa; hii ilikaa tu juu yetu, ikanyesha, ikapumzika, ikanyesha. Mto ulipanda, mtaro ukajaa, na maji yakaanza kurudi. Hayakutoka juu. Yalichemka kutoka chini, kupitia kitambaa, yakipandisha tope jeusi kati ya kokoto nyeupe. Curley alikuwa nje na koleo na pampu, akivuta maji na kuyamwaga mtaroni, na mtaro unamrudishia.

"Curley, ingia ndani!" nilimpigia kelele. "Unavuta mto mzima!"

"Yakipungua kidogo tu nitayaweza!"

Maji yalipoondoka, kokoto zilikuwa zimezama. Zingine zilibaki zimechomoza hapa na pale, kama meno. Pistache alikuwa ameshinda siku zote hizo akitembea kwenye maji yaliyomfika tumboni, kwa kuwa alikataa kujisaidia ndani, na ndani ya muda mfupi vidonda vikarudi, na safari hii fizi zake zikawa nyeupe kwa kupungukiwa damu. Daktari Tran alimwongezea damu. Kisha akawaambia wazi kwamba mbwa huyu asikanyage tena ardhi ile.

Earline ana dada yake katika mji wa Ruston, juu kaskazini, kwenye vilima vya udongo mwekundu ambako maji yanakwenda zake. Dada huyo amekuwa akiwaita tangu msiba.

"Twende," alimwambia Curley. Walikuwa wamesimama barazani, nami nimewaletea mkate. "Twende sote. Hapa pana nini tena?"

"Nyumba yangu ipo."

"Inazama, Curley."

"Chumba cha mwanetu kipo humu."

"Nacho kinazama."

Curley alitikisa kichwa. "Nitaweka jukwaa la mbao. Nitaliinua juu, maji yapite chini."

"Litaota ukungu wa kijani, atateleza avunjike nyonga. Tulishalizungumza hilo. Tumeyazungumza yote, mume wangu. Hakuna kilichobaki."

"Basi mchukue," alisema.

Earline alimsubiri aseme zaidi. Kisha akaingia kufunga mizigo. Pistache alibebwa hadi kwenye gari kwa sababu hakuweza kupanda. Curley mwenyewe ndiye aliyembeba, akamlaza juu ya blanketi, akafunga mlango wa gari polepole ili usimpige mkia.

Pistache alikufa kabla ya sikukuu ya shukrani ya Novemba, kwenye nyasi kavu za dada yake Earline. Minyoo ilikuwa imemla mno. Earline alinipigia simu mimi, si Curley. "Mwambie wewe, Velma. Mimi nikimwambia tutagombana tena juu ya nani alikosea."

Nilimkuta Curley uwanjani, anapigilia misumari. Jukwaa lilikuwa limefika nusu, limeinuliwa hadi magotini, mbao zimekwaruzwa juu kwa patasi ili zisiteleze. Kazi safi. Nikamwambia. Hakuacha kushika nyundo.

"Miguu ilikuwaje?" aliuliza.

"Earline anasema ilikuwa imekauka."

Aliitikia kwa kichwa kama fundi anayeambiwa injini imewaka. Akachukua msumari mwingine kutoka mdomoni, akautazama, akautia mfukoni. Nilimwambia aje ale. Akasema atakuja.

Hakuja. Jukwaa hakulimaliza, wala hakulibomoa. Earline yuko Ruston bado. Wanapigiana simu siku za Jumapili, na kwa ninavyosikia kupitia uzio, wanaulizana kama mvua imenyesha. Huku inanyesha. Kwangu pia maji yamefika ngazi ya kwanza, na bamia mwaka huu sikupanda.