Mauti Alinitania Kaburini

Nilisikia kwanza, kuona kukafuata. Jembe, kuh! kuh! chini ya kitanda changu. Hivyo ndivyo ndoto ya usiku wa jana ilivyoanza.

Nachungulia. Kitanda hakipo. Nimesimama makaburini kwetu Mbinga, mbele ya shimo jipya. Ndani amelala Mauti, kakunja nne, anatafuna karanga.

"Kaburi la nani?" nikauliza.

"Lako, Otmari. Ila sitoki humu mpaka mfiwa acheke. Mimi ni mtani wako."

Kwetu ndivyo ilivyo: mtani huingia kaburini, humsema marehemu atakavyo, na hakuna wa kununa. Nikatafuta wafiwa. Nilikuwepo mimi tu, na jeneza lililoegemea ukuta.

"Fanyeni haraka," jeneza likasema. "Nimesimama tangu asubuhi."

Nikapandwa na hasira. "Mauti! Nimekutungia beti arobaini za kukudharau!"

"Nimezisoma. Ubeti wa kumi na mbili umeharibu vina."

Hilo liliniuma kuliko kaburi.

"Na babu yako Gaudensi?" akaendelea. "Amekulea, sasa hainuki kitandani. Mwezi wa pili huu anakuita. Wewe unamtumia mashairi kwa simu."

"Naogopa nitakukuta umekaa pale."

"Nipo, ndiyo. Jana kaniambia nina miguu ya kuku mgonjwa. Mzee ananitania mchana kutwa, wala hanifukuzi. Wewe shujaa wa beti arobaini, kumshika mkono tu umeshindwa!"

Nikaitazama miguu yake. Babu hakukosea. Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Mauti akatoka shimoni, akalikunja kaburi kama mkeka, akalitia kwapani.

"Leo hakuna kazi?" jeneza likauliza.

"Hakuna."

Kisha akaninyofoa kifungo cha shati, maana mtani haombi, huchukua. Wakaondoka, jeneza likinung'unika nyuma.

Nikaamka kumekucha. Shati langu la bluu lilining'inia msumarini, kifungo cha pili hakipo. Nikapiga simu Mbinga.

"Nani?" Sauti ya Babu ilikuwa nyembamba, lakini yenye kicheko.

"Otmari, Babu. Umeamkaje?"

"Nimeamka na kifungo cha bluu juu ya blanketi. Sijui kimetoka wapi, mjukuu wangu. Au wewe ndiye umekuja, macho yangu hayakuoni?"

Nikatabasamu, nikalitungua shati msumarini.

"Bado, Babu. Napanda basi asubuhi hii. Jioni nitakuwa nimekushika mkono, na sitauachia mpaka uniambie mwenyewe nikuache."