Mita Arobaini za Presha

Kaka yangu Japhet anafundisha fizikia, na mwaka 2014 alinifanya nilichukie somo hilo kabisa. Aliahidi kunipeleka kanisani Kasulu nikaolewe, kwa gari lake kuukuu alilokuwa akiliongezea nguvu tangu Pasaka. Aling'oa nozeli zake, ile midomo inayonyunyizia injini petroli, akaweka kubwa, za gari lililopata ajali, ili injini inywe petroli nyingi na milima ya kwetu iwe tambarare. Pampu aliiacha ileile.

Chini ya kilima cha Kitahana gari likakohoa, likazima. Nilikuwa kiti cha nyuma, shela magotini. Mama alishaniaga kwa neno moja: bibi harusi akitoka nyumbani harudi, hata akisahau viatu. Ndoa ilikuwa saa tisa, na padri alisema hatasubiri mtu, ana mazishi saa kumi.

"Midomo imekuwa mikubwa, mlishaji ni yuleyule," Japhet alisema, akinusa pampu. "Imeungua."

"Basi tupande lori, kaka."

"Subiri, mdogo wangu. Kazi ya pampu ni presha tu, na presha unaipata kwa kupanda juu. Tukiweka dumu la petroli mita arobaini juu ya gari, tukateremsha mpira wa maji hadi kwenye injini, hiyo ni pampu mpya."

Hesabu ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi. Watu wa mashamba ya jirani waliacha kupalilia wakapandisha dumu kilimani wakiimba. Nilipouliza kama tukiondoka kilima nacho kitakuja, walinitazama kama mleta mkosi.

"Tutakwenda mpaka mpira uishe," Japhet alisema. "Halafu tutatafuta kilima kingine. Kwetu vimepungua?"

Kumbe hata mpira wenyewe ulikuwa mfupi. Akapanda kilimani kutafuta mtandao, apige simu aletewe mwingine. Mimi, bila kumuaga, nikasimamisha lori la maharage, nikakaa juu ya magunia na gauni langu.

Karibu na Makere tulipishana na pikipiki iliyokuja mbio. Mwendeshaji alivaa suti, amejiviringishia mipira ya maji kutoka kiunoni hadi masikioni, uso wote vumbi. Nilimwonea huruma mwanamke atakayeolewa na yule.

Nilifika kanisani saa tisa kasorobo, mwekundu kwa vumbi kuanzia shela hadi kucha. Padri alikuwa mlangoni, peke yake.

"Dionis ameondoka," alisema. "Shemeji yake alimpigia simu. Si unajua mumeo mtarajiwa ni fundi wa maji? Amebeba mipira yake yote, akasema anakwenda kukuokoa."

Nilimpigia simu tena na tena hadi akapokea. Kabla ya sauti yake nilisikia injini ikinguruma.

"Josephina, sikiliza," Dionis alisema, furaha imemjaa. "Limewaka. Presha imekaa sawasawa. Tunakuja."

"Nani na nani?"

"Mimi, Japhet na wewe. Anasema umelala kiti cha nyuma."

Nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa. Dionis akaniita mara mbili ndani ya gari, halafu injini ikazima.

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa nikalia kwa hasira. Padri akaniuliza taratibu kama bado namtaka. Nilimfikiria Dionis katika suti yake ya harusi, akipanda milima yote ile na mipira shingoni kwa ajili yangu. Nilimtaka kuliko jana.

"Namtaka, Padri," nilisema. "Utufungishe kesho. Ila aje kwa basi."