Sanduku la Udongo wa Makambako

Jumatatu asubuhi, mwaka 1996, Yonathani, fundi wa ofisi ya maji, alishuka stendi ya Njombe na viroba vitatu vya udongo wa Makambako. Aliuchimba kati ya bomba la majitaka la gesti mpya na kisima cha Bi Hajira, muuza chai. Bi Hajira alimwambia waziwazi: mjukuu wake Nasma anaharisha wiki ya pili sasa, na maji wanayokunywa ni ya kisima hichohicho.

Ofisini Yonathani aliunda sanduku la vioo, akashindilia udongo, akalaza bomba ndani ili aone uvujaji unafika wapi na kwa siku ngapi. Bomba lenyewe lilikuwa kipande cha mwanzi, maana la plastiki liliagizwa, na we ngoja tu. Sasa, Yonathani ni mtu wa kijiji cha Kichiwa, na kwao mwanzi huchongwa ncha ukagemwa ulanzi, pombe yake. Mkono wake, bila hata kumuuliza, ukawa unachonga ncha ya ule mwanzi asubuhi na jioni.

Siku ya tatu alisahau kutia maji. Mwanzi ukachuruzika wenyewe, na yaliyotoka hayakuwa ulanzi. Ofisi nzima ilifungua madirisha.

Alhamisi kikatokea kisima mle sandukuni, upana wake kama kizibo cha soda. Ijumaa Bi Hajira akasimama kando yake, mrefu kama njiti ya kiberiti, na ndoo mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema Yonathani.

"Marahaba, mwanangu. Majitaka yamefika?"

Yonathani akapima kwa rula. "Yamefika, mama. Tangu jana."

"Basi waambie."

Akawaita wakubwa, si mwenye macho haambiwi tazama? Kamati ikaja, pamoja na mwenye gesti. Doa jeusi lilitoka kwenye mwanzi likaingia moja kwa moja kisimani. Bwana Danieli, mkuu wa ofisi, alivaa miwani, akainama.

"Kumbe hata kanga ya huyu mama inasomeka! Imeandikwaje hapa?"

Mwenye gesti aliuliza kama gesti yake nayo itatokea, na lini. Hilo lilijadiliwa mpaka saa ya chai. Ikaazimiwa sanduku lifunikwe kitambaa, vumbi lisiingie. Kuhusu bomba, mwekezaji asisumbuliwe.

Yonathani aliona aibu, jamani, aibu ya kukosa pa kuweka mikono. Walipotoka akafunua kitambaa.

"Wameona?" aliuliza Bi Hajira.

"Wameona, mama. Vizuri kabisa."

  Basi Bi Hajira akashusha ndoo kisimani, akavuta maji, akajaza kikombe, akamwita Nasma aje ameze dawa.