Kosa Lililompita Polimeresi

Anayetaka kuujua ukatili asihangaike kuutafuta gerezani. Aende kwenye bweni la wasichana wa kidato cha tatu. Trizah aliujua mapema. Katika shule yake ya kwanza, kisiwani Mfangano, msichana mmoja alimwambia mwenzake huku Trizah akisikia, "Usimwazime kitu huyo. Atakufa nacho." Darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwazima hata kalamu.

Ndiyo maana alipohamia shule ya bweni huku Migori alinyamaza. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa ambao chembe za damu hujipinda kama mundu, zikaziba njia, na mwili ukauma mpaka mtu akatamani kuutoka. Matroni peke yake ndiye aliyejua. Vidonge alimeza chooni, na umanjano wa macho alisingizia malaria. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na marafiki, na hakutaka kingine chochote.

Kisha Mwalimu Omanga wa baiolojia akaja na wazo lake. Alitaka shule iende kwenye mashindano ya sayansi mjini Homa Bay ikaonyeshe jinsi seli inavyonakili DNA, na badala ya kuchora kwenye manila akaamua kutumia wasichana wenyewe. Walisimama mistari miwili wakitazamana na kushikana mikono, kila mmoja na herufi kifuani. A alimshika T, G akamshika C, na hapakuwa na kubadilishana. Sheila alikuwa helikesi, kimeng'enya kinachopita katikati na kuwaachanisha kama mtu anayefungua zipu. Filister alikuwa ligesi, wa kuunganisha vipande mwishoni. Irine, kiranja ambaye hajawahi kushindwa jambo akalala usingizi, alikuwa polimeresi. Yeye ndiye aliyeleta herufi mpya na kuzipanga, kila moja mbele ya mwenzake, na ikiingia isiyofaa aliisukuma nje akaweka nyingine.

Isiyofaa ilikuwa Trizah. Alivaa T, akajipenyeza mahali pa A, Irine akamtupa nje na watu wakacheka. Hakujali, maana mchezo ukiisha walikula wote meza moja.

Tatizo lilikuwa jua. Mazoezi yalifanyika uwanjani, na Trizah alitoroka kila mara kwenda kunywa maji, mpaka Irine akachoka naye.

"Wewe, Nyar Mfangano, binti wa kisiwani, kila saa uko kwa bomba. Nitaweka Nyatichi place yako."

Trizah akamvuta nyuma ya jiko la shule, akamwambia yote huku machozi yakimtoka. "Niko na sickle cell. Nikikosa maji naumwa vibaya. Please, usiambie mtu."

"Siwezi, kwani mimi ni nani?" Irine akamkumbatia. Kuanzia siku hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyembebea chupa ya maji. Trizah alimpenda kwa hilo, maskini, kuliko dada yake wa tumbo moja.

Siku ya Homa Bay ilianza na mvua. Sheila alimwona Trizah akitetemeka, akavua sweta yake akampa. Ukumbini, wavulana kutoka upande wa Lambwe walitangulia na mashine ya kuangulia mayai waliyoiunda wenyewe, wakashangiliwa sana. Wasichana wakafuata. Zipu ikafunguka vizuri, herufi zikapangika, Trizah akatupwa nje, vicheko vikapatikana. Halafu jaji, mama mmoja mwenye miwani, akainua kalamu.

"Polimeresi, nimeona unakagua kazi yako. Kosa likikupita je?"

"Litanakiliwa, madam. Seli ikijigawa inaenda nalo, hata kwa watoto."

"Hayo ni ya kitabu. Nipe mfano naweza kuona."

Irine akawatazama wavulana wa Lambwe, akakuta wanatabasamu. Kisha akageuka polepole kuelekea pembeni, pale alipotupwa Trizah, na Trizah akajua kabla mkono haujainuka.

"Ni huyu," Irine akasema. "Trizah ako na sickle cell. Ni herufi moja tu, T mahali pa A. Zamani sana polimeresi haikuiona, ikakopiwa hadi leo. Babake alimpa moja, mamake akampa ingine. Muangalie macho."

Jaji akatoka kwenye meza, akamshika Trizah kidevu na kumwinulia uso kwenye mwanga, vile watu wanavyomkagua mbuzi sokoni. "Ni kweli kabisa," akawaambia wenzake. Trizah alitamani sakafu immeze. Mtu akaanza kupiga makofi, ukumbi ukafuata. Mwalimu Omanga alishtuka, tena alishtuka kweli, kisha naye akapiga makofi kuwashinda wote. Mtu mzima na akili zake.

Walishinda. Katika basi la shule wasichana waliimba mpaka wakapoteza sauti, lakini kiti cha karibu na Trizah kilibaki kitupu. Sheila akainama kutoka nyuma bila kumtazama.

"Trizah, naomba sweta yangu."

"Nitaifua kwanza, halafu..."

"Nipe tu saa hii."

Akaivua. Baridi ikamwingia mifupani, akaanza kuyasikia magoti yake. Ndipo Irine akaja na kombe kwapani, akaketi kwenye kile kiti, na ile chupa ya maji akaipakata.

"Usininunie. Si tumeshinda?" Akamsogelea sikioni. "Sasa ni Nairobi. Lakini leo majaji wa nyuma hawakuona macho poa. Tukikaribia kwenda, punguza kunywa maji kidogo, macho yatakuwa yellow kabisa."

Trizah alimchukia. Angeweza kumtemea mate, na ingekuwa haki yake. Lakini Irine akiinuka, hakuna mwingine ambaye angekaa pale mpaka Migori.

"Sawa," akasema.