Hela Zilizosuguliwa kwa Majivu
…na mbona hasemi, ile hela ameigeuza mpaka basi, Veneranda alijiuliza huku akimsogezea mgeni kikombe cha chai ambacho hakijaguswa tangu kimiminwe, maana huyu Wilbroad, mnunuzi wa sarafu za kale aliyekuja na treni kutoka Dar es Salaam, alikuwa ameinamia meza na lenzi jichoni, akizipekua sarafu za marehemu Bernardo kama mtu anayechagua dagaa sokoni, aitazame ukingo, aiweke kwenye kimizani chake, agune, achukue nyingine, na mnunuzi akiguna mbele ya mjane si dalili njema, ingawa aliingia vizuri tu, shikamoo mama, pole na msiba mama, marahaba mwanangu, karibu… na zinang'aa jamani, Mungu shahidi, jana alishinda uani akizisugua moja moja kwa majivu na ndimu mpaka vidole vikamwasha, kwa sababu mgeni hapewi kitu kichafu, kwao Usoke hata kikombe kisafi huoshwa tena mgeni akifika, na kigangoni ni yeye anayeng'arisha vinara vya altare kila Pasaka, padri mwenyewe husema mkono wa Veneranda una baraka, sasa huyu anaguna nini?

“Hizi nani amezisafisha, mama?”

“Mimi mwenyewe, baba,” akajibu, na akatabasamu, akingoja asifiwe, lakini Wilbroad alivua lenzi akafikicha macho, naye ni mchovu, wote wawili wamechoka, tangu Bernardo azikwe hajalala usingizi wa kueleweka, “Ni za kweli kabisa,” kijana anasema taratibu, “hizi za shaba zilipigwa hapa hapa Tabora, vita ya Mjerumani, sina shaka nazo, lakini…” na hiyo lakini ikamchukua Veneranda moja kwa moja hadi makaburini, kwenye lile tuta la udongo ambalo wifi yake Martha halali kwa ajili yake, kaburi la kaka yetu linatitia, wifi, mvua ziko mlangoni, wenzetu wanajengea watu wao nyinyi mnangoja nini, na yeye akamjibu ngoja niuze sanduku lake la hela, nitamjengea kwa saruji, nitampaka chokaa nyeupe aonekane toka barabarani, ameshaongea hadi na fundi… “…ile rangi nyeusi, mama, ndiyo ngozi ya sarafu, imekaa miaka mia, wanaokusanya wanainunua hiyo, ikishasuguliwa hairudi, hizi naweza kuzichukua kwa kilo tu, kama shaba ya kuyeyusha,” ngozi, anasema ngozi, kumbe alikuwa anazichuna, jana kutwa anazichuna huku anaimba… Iache kama ilivyo, Vene, ndivyo alivyosema Bernardo kila alipomkuta na kitambaa, akamshika kifundo cha mkono kwa kiganja kizima, yeye ambaye hela aliishika kwa ncha za vidole viwili, na miaka yote ile Veneranda akalionea wivu sanduku kama mke mwenza, mwanamume anatoka na baiskeli kwa wakulima wa tumbaku, kule ilikopita njia ya zamani ya misafara, anarudi bila sukari, kaleta kipande cha shaba chenye matope, umeniletea uchafu tena, Bernardo, naye anaitia sandukuni, si ungesema, mume wangu, ungenieleza tu sababu, ulimi wako ulikuwa unalipiwa kodi?

“Hakuna hata moja uliyoisahau, mama? Moja tu ambayo haijaguswa. Hiyo ningeilipia zaidi ya sanduku hili zima.” Mkono ukaenda wenyewe kwenye pindo la khanga, kwenye fundo, imo, ile hela aliyokata roho nayo Bernardo kitandani hospitali ya Kitete, muuguzi alimfungua vidole akamkabidhi, ikiwa na joto bado, hii hajaisugua, angeisuguaje wakati jasho lake ndilo hilo limebaki, saruji ipo humu, fundi yupo humu, mdomo wa Martha utafungwa leo leo, ni kufungua fundo tu… halafu huyu atalivalia lenzi jasho la mume wangu, nami nikamsakafie huko aliko, nikampake chokaa, ang'ae, mkono wenye baraka umalizie na yeye, mtu aliyeniomba kitu kimoja maisha yake yote… acha udongo utitie, acha majani yaote, Martha aseme mpaka achoke… chai ilikwisha poa, mgeni alikuwa bado anamtazama, na Veneranda akalibana fundo kwenye kiganja, kiganja kizima.

“Hakuna, mwanangu,” akasema. “Nilizisugua zote.”