Nani Atakaa na Watoto wa Delphine

Tangu mumewe Jean-Claude alipopata kazi ya mgodini kule Kilwa, akawa anarudi nyumbani mara moja moja tu, Delphine hakuwa na raha kazini. Watoto wake, Aaron na Exaucée, walitoka shule adhuhuri. Yeye alitoka maabara ya hospitali jua likizama. Hapo katikati, nyumba yao ya Makomeno ilikuwa mikononi mwa Aaron. Siku Aaron alipomwogesha paka wa jirani kwa sabuni ya unga ndani ya sufuria ya kusongea bukari, Delphine akaamua kwamba lazima apatikane mtu wa kukaa na watoto mchana.

Baba mkwe wake, papa André, aliishi chumba cha uani ndani ya lupango, yaani kiwanja chao, lakini hakuna aliyemfikiria. Alikuwa mkuu wa stesheni mstaafu, mtu wa kuvaa koti hata kwenye joto la Oktoba, na kila mchana alienda kucheza dama na wanaume wa parokia. Delphine alimwomba jambo moja tu: awepo sebuleni waombaji wa kazi watakapokuja, amsaidie kuwapima.

Papa André aliwapima kweli. Wa kwanza, Keren, msichana mcheshi aliyependwa na watoto papo hapo, alikataliwa kwa sababu ya kucha zake. Mzee alidai zingetoboa mpira wa watoto. Mama Mwape, mjane mwenye sifa njema mtaa mzima, aliomba sala ya kufungulia mazungumzo, na mzee akasema kwa sala ndefu namna ile watoto wangekula chakula cha mchana usiku. Delphine alimezea. Kisha akaja Fils, mwanafunzi wa ualimu, msafi, mpole, anayejua kupika na hesabu. Papa André alimtazama kwa muda mrefu, akatamka kwamba kijana yule anapiga hodi kinyonge.

Sasa Delphine alikasirika. Lakini kwao Kasai alikolelewa mama yake, mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe akamhoji. Akaenda jikoni, akayaponda majani ya muhogo ya sombe kwa nguvu zaidi kuliko yalivyostahili.

Jumamosi iliyofuata hodi ilipigwa mlango wa mbele, hodi ya kishindo. Papa André alikuwa amesimama kizingitini, amevaa koti na tai, viatu vinang'aa. Alikuwa ametoka chumbani kwake, akazunguka hadi barabarani ili aingie kama mgeni. Akapita, akakaa kwenye kiti walichokalia Keren, Mama Mwape na Fils, akaweka kofia magotini.

Delphine alielewa: mzee amekuja kuomba kazi. Angemhoji vipi? Akamwita Exaucée, akamsimamisha katikati.

“Ulize nkambo yako kama anajua kupika,” alisema, macho yakitazama ukuta.

“Nkambo, mama anauliza asema unajua kupika?”

Mzee alijibu, naye akimtazama mtoto, kwamba anajua mayai, na mengine atajifunza. Delphine akauliza juu ya kazi za shule. Exaucée akageuka.

“Mama anauliza asema utatupatia mandazi mbele ya devoirs?”

“Sikuuliza vile,” alisema Delphine.

“Mwambie mama yako ni ulizo ya muzuri,” alisema papa André. “Jibu ni ndiyo.”

Likaja swali la usingizi, kwani mkoromo wake ulivuka uwanja kila baada ya chakula cha mchana. Akaahidi kulala asubuhi, “batoto bakiwa ku masomo.” Ndipo Exaucée, bila kutumwa na mtu, akauliza: “Na dama yako, je?”

Mzee aligeuza kofia. Alisema mwenzake wa mwisho alihamia Ruashi kwa mwanawe, tangu Pasaka. Siku zote hizo alikuwa akikaa peke yake uani mwa parokia, anasogeza kete za pande zote mbili.

“Na nani anashinda?” aliuliza mtoto.

“Ule mwingine,” alisema papa André.

Delphine alisahau ukuta. Alimtazama baba mkwe wake usoni, akasema mwenyewe, kwa sauti ndogo, “Papa, unaweza kuanza kesho kutwa.”

Jumatatu alirudi mapema, roho juu. Sakafu ilikuwa na maganda ya mayai, Aaron alikuwa amevaa kofia ya mkuu wa stesheni, na kazi za shule zilikuwa zimemalizika, ingawa madaftari mawili yalinuka mafuta. Papa André alikuwa getini, akizungumza na jirani aliyeshangaa kumwona nyumbani saa zile.

“Ni Delphine, bibi ya mutoto wangu,” alikuwa akieleza. “Aliona niko nazeeka. Akaachia batoto kazi ya kunichunga.”

Delphine, aliyemsikia kutoka mlangoni, aliingia ndani haraka, akafunga mlango, ndipo akacheka.